Vietnam: askari wa Marekani anaaminiwa, mkulima anaombwa ushahidi

Ni kuanzia mwaka wa 1962 hadi 1971 ambapo ndege za jeshi la Marekani zilimwaga zaidi ya lita milioni 70 za dawa ya kuua majani juu ya misitu na mashamba ya Vietnam ya kusini, ili waasi wakose maficho na chakula. Iliyotumika zaidi ni Agent Orange, jina lililotokana na mstari wa rangi ya chungwa kwenye mapipa yake. Ndani yake mlikuwa na dioksini, sumu inayoleta kansa na inayokaa miaka mingi katika udongo na katika mafuta ya mwili.

Askari walirudi kwao, na baada ya miaka wengi wakaanza kuugua. Walipoomba msaada waliombwa ushahidi kwamba ugonjwa umetokana na dawa ile. Wangeutoa wapi? Hakuna aliyekuwa akiwapima damu msituni.

Mwaka wa 1991 sheria ilikata mjadala huo: aliyetumika Vietnam anahesabiwa kwamba dawa ilimfikia, na akipata ugonjwa ulio kwenye orodha, haombwi kuthibitisha chanzo chake. Kansa ya mapafu imo, ya tezi dume imo, hata aina kadhaa za kansa ya damu. Ile ya kibofu iliingizwa mwaka wa 2021 tu, miaka 50 baada ya ndege kuacha kumwaga! Wanamaji waliokaa karibu na pwani nao walingoja sheria yao hadi 2019. Wangapi walikufa wakingoja?

Hata hivyo sheria hiyo ni ya haki. Ubaya wake ni kwamba inaishia kwa askari. Kampuni zilizotengeneza dawa zilikubali mwaka wa 1984 kuwalipa askari wa zamani dola milioni 180, bila kukiri kosa. Wavietnam waliposhitaki kampuni hizo huko New York, tribunali ilitupa kesi yao mwaka wa 2005.

Kwa hiyo askari aliyekaa pale mwaka mmoja anaaminiwa. Mkulima aliyebaki pale maisha yake yote, akila samaki wa bwawa lile lile, haaminiwi. Na kule Bien Hoa, kwenye uwanja wa ndege ambako mapipa yalikuwa yakiwekwa, Marekani yenyewe imetoa pesa ili udongo usafishwe.