MSITU NAO HUDAI HAKI



Wahenga walinena kwamba wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Walitumia mfano, kwetu sisi wa nchi za Maziwa Makuu maneno hayo yametimia kama yalivyo. Vita vikiisha tunahesabu wafu wetu, na ndivyo ipasavyo. Lakini nani ahesabuye miti?

Tuitazame Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, iliyoanzishwa mwaka 1925. Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari nchini Rwanda, wakimbizi zaidi ya 700,000 waliingia Goma na kuwekwa katika kambi za Mugunga, Kibumba na Katale, kando ya hifadhi. Walipewa mahindi na maharagwe, lakini kuni za kuyapikia hazikutosha. Maelfu wakaingia msituni kila siku. Mwaka huohuo UNESCO iliiandika Virunga miongoni mwa urithi wa dunia ulio hatarini.

Je, tumhukumu mama aliyekata kuni ili wanawe wale? Hasha! Kambi zilivunjwa mwaka 1996, lakini uharibifu haukukoma, maana wenye silaha waligundua kwamba msitu ni hazina: mkaa, nyama, pembe. Viboko wa hifadhi hiyo, waliozidi 20,000 katika miaka ya 1970, hawakufika 1,000 ilipofika mwaka 2005. Kinyesi cha kiboko hurutubisha maji ya Ziwa Edward, na samaki hupata chakula. Hivyo bunduki humnyang'anya riziki hata mvuvi asiye na ugomvi na mtu. Walinzi wa hifadhi zaidi ya 200 wamepoteza maisha.

Kumbukumbu la Torati 20:19 lakataza jeshi lizingiralo mji kuangamiza miti yake ya matunda. Naye Papa Yohane Paulo II, katika ujumbe wa Siku ya Amani wa mwaka 1990, alionya kwamba hata vita vya eneo dogo huharibu ardhi na kutia sumu katika udongo na maji.

Basi kila Jumuiya Ndogo Ndogo na ijiulize: mkaa tununuao watoka wapi, na fedha yake yamlisha nani? Viongozi wa walei wadai kwamba mazungumzo ya amani yataje pia msitu na ziwa, na wanaofaidika wawajibishwe. Amani isiyomrudishia maskini shamba, kuni na maji yake bado haijakamilika.