Kijana Mcheza Kikapu: Ujira au Shule?

Wazazi wa Kilosa na Mikumi wanaijua vema nguvu ya shilingi ya haraka. Mtoto anayeuza vitu kwa abiria wa mabasi katika barabara kuu ya Mikumi hurudi jioni na chochote mfukoni. Mwenzake aliyeshinda darasani hurudi na daftari tu. Nyumba yenye upungufu wa unga huiona shilingi kwanza. Kwa hiyo anapoinukia kijana mrefu, mwepesi wa miguu na mwenye shabaha katika mpira wa kikapu, kisha akatokea mtu wa kumwahidi malipo, swali huwa zito: je, aache shule acheze kwa ujira, au abaki shuleni acheze bure?

Swali hili limewasumbua hata Wamarekani, ambao mchezo huo kwao ni biashara kubwa. Kwa miaka mingi vyuo vikuu vyao vilivuna fedha za viingilio na televisheni, na makocha wakalipwa mamilioni ya dola, huku mchezaji akipewa masomo, chakula na malazi. Michezo hiyo iliitwa ya ridhaa, lakini aliyetakiwa kuridhika alikuwa mchezaji peke yake.

Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alipita njia hiyo. Alikichezea Chuo Kikuu cha Connecticut tangu mwaka 2006 hadi 2009 bila mshahara. Mwaka huo wa 2009 timu ya Memphis ilimchukua akiwa wa pili miongoni mwa chipukizi wote walioteuliwa kuingia ligi ya NBA, akawa Mtanzania wa kwanza kuicheza ligi hiyo. Hata hivyo, Februari 2010 timu yake ilimpeleka kwa muda katika ligi ya daraja la chini, huko Dakota. Ikiwa aliyeteuliwa wa pili aliweza kushushwa ngazi katika msimu wake wa kwanza, mzazi asidanganywe kwamba kipaji ni hati ya maisha.

Mwaka 2020 ligi hiyo ya chini ilianzisha timu ya Ignite ili kuwalipa vijana ambao hawakutaka kupitia chuoni. Wale wa juu kabisa waliweza kupata dola 500,000. Lakini tazama: hata katika mpango huo wa fedha, vijana walipewa nafasi ya kusoma katika Chuo Kikuu cha Arizona State kwa gharama ya ligi. Julai 2021 wanafunzi wa vyuo wakaruhusiwa kujipatia kipato kwa majina na picha zao. Ignite ikafungwa mwaka 2024, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Ukuta uliotenga ujira na shule umebomoka.

Wako watakaosema kwamba mshika mawili moja humponyoka. Lakini sisi wenyewe tuliwahi kuyashika mawili. Katika zama za mashirika ya umma, timu kama Reli ya Morogoro ziliegemea waajiri. Mchezaji aliyekuwa mfanyakazi alikuwa na mshahara, na goti lilipogoma alikuwa na kazi ya kurejea. Mashirika mengi yalipobinafsishwa katika miaka ya 1990, timu nyingi zilipoteza egemeo hilo, na mchezaji akabaki na mwili wake tu.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, kijana wako alipwe. Jasho la mcheza kikapu, awe wa kiume au wa kike, ni jasho kama la mkata miwa wa Ruembe. Anayelifaidi sharti alilipie. Lakini malipo hayo yasiwe bei ya kulinunua darasa lake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, hivyo wajibu wa kusoma kila karatasi ni wako. Kwanza, mkataba utaje shule: atasoma wapi, saa ngapi, na nani atagharimia. Pili, utaje matibabu yake akiumia, na kama malipo yataendelea. Tatu, useme ni kiasi gani kitakwenda kwa wakala, na sehemu ya mtoto iwekwe benki kwa jina lake. Nne, utaje siku ya kwisha. Ahadi ya mdomo iliyotolewa uwanjani haina shahidi.

Akija mtu asemaye kwamba shule itamchelewesha mtoto, muulize atamfanyia nini kijana huyo akivunjika mguu kabla ya msimu kwisha. Akikosa jibu, mwage kwa heshima. Sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, na hadi cha sita tangu mwaka 2022. Asiyependelea kidato anacho chuo cha VETA hapo Mikumi, ambako atajifunza ufundi wa mikono.

Urefu wa kijana ni wake kwa maisha yote, lakini wepesi wa miguu ni wa miaka michache. Katika miaka hiyo apate ujira wake kamili. Ikiisha, awe na elimu au ufundi wa kumlisha.