Hela Tunazotuma Zisitufunge Midomo



Kila Juni, Nairobi na Kampala husoma bajeti, kwa kawaida siku moja. Hazipiti wiki nyingi kabla simu zetu, sisi wanajumuiya tulio mbali na nyumbani, hazijaanza kuita. Zinatoka Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, Malaba na Tororo mjini, na habari ni ileile: mafuta yamepanda, nauli imefuata, bei ya unga haishikiki, tumeni chochote. Nasi tunatuma, na ni wajibu wetu, maana damu nzito kuliko maji. Lakini tumefika mahali pa kusema wazi: kila tunapoziba pengo kimya kimya, aliyelichimba hana sababu ya kulifukia.

Tazameni ni nani anayeishi kwa mpaka ule wa Kenya na Uganda. Wasamia na Wateso wana mashamba na makaburi ya wazee wao pande zote mbili. Pale Sofia, mjini Busia, na kwenye vichochoro vya mpakani, biashara hubebwa kichwani na mgongoni: mama na beseni la nyanya, mwenye omena, mwenye karanga, mwenye magunia mawili ya mahindi juu ya baiskeli. Wamo pia watu wenye ulemavu wa miguu wanaovusha mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Faida ya leo ndiyo chakula cha jioni na sehemu ya karo. Mtu wa namna hii hana akiba ya kumtosha kungoja serikali ifikirie upya.

Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, mpaka ulifungwa kwa abiria na kuachwa wazi kwa shehena. Lori lilipita, mama mwenye beseni akazuiwa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 5 Machi 2021, Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini, sumu ya ukungu. Sumu hiyo ni hatari ya kweli. Mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya, na hakuna mzazi anayetaka kuisonga kwenye ugali wa wanawe. Kosa lilikuwa namna ya kuamua. Amri ilishuka ghafla, na malori yakakwama mpakani yakiwa na mzigo uliokwisha kulipiwa. Siku chache baadaye marufuku ililegezwa kwa masharti: mwagizaji ajisajili, na mahindi yawe na cheti cha kuonyesha kuwa sumu haizidi kiwango.

Mwenye magunia mia mbili huigawa gharama ya cheti kwenye magunia yote. Mwenye mawili huibeba kwenye hayo mawili, na hapo faida imekwisha. Anayeshindwa hugeukia njia ya panya, ambako kila anayemsimamisha anataka chake, na mahindi yale huvuka bila kupimwa na mtu yeyote. Mlaji wa upande wa pili hulipa tofauti kwenye kila gorogoro. Kwa hiyo sheria iliyotungwa kumlinda mlaji humwachia sumu na bei ya juu pamoja.

Hata msaada wetu haujaachwa. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu. Wananchi walilalamika, na mwaka huohuo kodi ikashuka hadi asilimia 0.5 ya kiasi kinachotolewa. Mama yako wa Tororo akitoa shilingi 200,000, shilingi 1,000 zinakwenda kwa serikali, mbali na ada ya kutolea. Anayetoa pesa benki hatozwi kodi hiyo. Huko Kenya, ushuru kwenye ada za kutuma pesa kwa simu ulipanda mwaka 2023 kutoka asilimia 12 hadi 15, na mwaka huohuo kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ikatoka asilimia 8 hadi 16. Tajiri na maskini hulipa kiwango kimoja, lakini mmoja amepunguza akiba na mwingine amepunguza mlo.

Hatusemi serikali zisikusanye kodi. Barabara, zahanati na shule hazijengwi kwa maneno. Tena yapo yaliyofanywa vyema: kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, kimepunguza kusimama mara mbili kwa ukaguzi. Upo pia utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaomruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa za kanda zenye thamani isiyozidi dola 2,000 kwa cheti chepesi cha asili, bila ushuru wa forodha. Sera ikimkumbuka mdogo tangu mwanzo, mdogo huitii.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 201, inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Juni 2024 tuliona gharama ya kutosikilizwa: Muswada wa Fedha, uliotaka awali hata mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani, uliondolewa baada ya vijana kupoteza maisha katika maandamano. Damu haipaswi kuwa ndiyo njia ya kutoa maoni.

Tunapendekeza jumuiya yetu idai mambo matatu. Marufuku yoyote ya mpakani itangazwe mapema, na mzigo ulioko njiani uruhusiwe kupimwa na kupita. Upimaji wa mahindi ya wafanyabiashara wadogo ufanyike mpakani kwa gharama ya umma. Na kodi ya kutoa pesa za simu isiguse viwango vidogo, vile vya chakula, dawa na karo.

Miswada ya fedha hufika bungeni kabla ya Juni, kwa hiyo kazi ianze sasa. Kila mmoja awaulize wa nyumbani ni sera ipi inayowaumiza na kwa kiasi gani, alete majibu kwenye mkutano wetu ujao, nasi tuyaandike na kuyapeleka kwa wabunge wa pande zote mbili na kwa kamati za fedha za mabunge yote mawili. Hela tutaendelea kutuma. Safari hii ziende pamoja na madai yetu.