Chumba kikubwa kibaki chini

Ndugu wasikilizaji wa Likasi, na ninyi familia mliokimbia vita mkapokelewa hapa: siku hizi kila anayepata makuta anataka nyumba ya etaji. Si kosa. Kosa ni kupandisha chumba cha baba na mama juu, na chini kubakiza saloni, jiko na gereji tu.

Wanasema juu kuna upepo, wezi hawafiki. Sawa. Lakini maji yakikatika, nani atapandisha bidoni za lita 20 kila asubuhi? Umeme ukipotea, nani atashuka ngazi gizani na mtoto mgonjwa mgongoni? Na magoti ya leo si magoti ya miaka 20 ijayo. Baba mwenye nyumba atakuja kulala saloni kama mgeni kwake mwenyewe.

Tukumbuke pia 1992 na 1993. Wakasai waliofukuzwa walilala kwa maelfu kwenye kituo cha treni, hapahapa Likasi, wakingoja safari. Leo bado watu wanakimbia. Ndugu yako akibisha usiku na bibi asiyeweza kutembea, utamlaza wapi? Gereji, pamoja na gari?

Wewe unayejenga, mwambie masoni kabla hajamwaga betoni: chumba kikubwa na choo chake vibaki chini. Vijana wapande juu, miguu wanayo. Kufuta mstari kwenye karatasi ni bure. Kuvunja ukuta ni pesa.