Chai ya Kericho na Milango ya Bahari

Wanafunzi wetu hufundishwa kuzitaja nchi zinazopakana na bahari na ghuba za dunia. Ni elimu njema, lakini haitoshi. Kupakana na bahari ni jambo moja. Kuitawala ni jingine. Tofauti hiyo si vyema impite mwanafunzi wa Kericho au Bomet, ambaye huenda karo yake hutokana na majani chai.

Sehemu kubwa ya chai hiyo huuzwa katika mnada wa Mombasa, kisha hupakiwa melini. Iendayo Karachi, nchini Pakistan, mnunuzi wetu mkuu kwa miaka mingi, huvuka bahari wazi. Iendayo Dubai sharti ipite Hormuz, baina ya Iran na Oman. Njia fupi ya kwenda Misri na Uingereza ni Bab el-Mandeb, mlangobahari wenye upana wa kilomita 30 hivi, kati ya Yemen upande mmoja, na Jibuti na Eritrea upande wa pili.

Ni nani basi autawalaye mlango huo? Ramani yazitaja nchi hizo tatu. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 wazipa meli za mataifa yote haki ya kupita. Lakini mnamo Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen, ambao Umoja wa Mataifa hauwatambui kuwa serikali, walianza kuzishambulia meli. Kampuni nyingi zikazungukia Rasi ya Tumaini Jema; safari zikarefuka, na gharama zikapanda. Kambi za kijeshi za Ufaransa, Marekani na China zilizoko Jibuti hazikuyazuia hayo.

Wala si mara ya kwanza. Vita vya Misri na Israel viliufunga Mfereji wa Suez tangu 1967 hadi 1975.

Mnunuzi alipaye zaidi kwa meli hutaka kulipa kidogo mnadani, na kipunguacho mnadani hupungua katika bonasi ya mkulima mdogo. Kwa hiyo serikali haina budi kutafuta wanunuzi zaidi barani Afrika, ambako chai yaweza kufika bila kupita milango hiyo.

Mwalimu naye asiishie kwenye orodha. Na aulize: nani anapakana, nani ana haki, na nani ana nguvu? Mara nyingi majibu huwa matatu.