BARUA BADO INA KAZI



Wazee walisema barua ni nusu ya kuonana. Sisi wa reli twalijua neno hilo vizuri, kwa maana magunia ya barua yalikuwa mzigo wetu tangu zamani za reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Baba aliyekuwa kazini Nairobi aliandika barua na kutuma hawala ya posta, na hapa Junju watu walingoja mpaka mwalimu au mwenye duka arudi kutoka sandukuni.

Siku hizo zimepita. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha hufika kabla mtumaji hajarudisha simu mfukoni, na salamu vilevile. Leo watu wengi huingia jengo la Posta kutafuta kitambulisho katika Huduma Centre, wala si kununua stampu. Hatulii juu ya hayo. Mama asiyengoja tena wiki nzima kupata pesa za unga amepata nafuu, na nafuu yake ndiyo haja yetu.

Lakini liko jambo la kuangalia. Mwenzetu mmoja wa Junju, mwenye mshahara wa mwezi, aliachishwa kazi kwa ujumbe wa simu: "Usije kesho." Alinyamaza miezi miwili akitumaini kuitwa tena. Simu ikaingia maji, ujumbe ukapotea. Alipokuja kwetu tulimwuliza, "Barua iko wapi?" Hakuwa nayo. Mwajiri naye akasema mtu huyu aliacha kazi mwenyewe. Twasema kweli, lawama nyingine ni yetu, kwa kuwa hatukuwaonya wanachama mapema.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema anayelipwa kwa mwezi apewe notisi ya maandishi ya siku 28, na asiyeielewa aelezwe kwa lugha anayoifahamu. Anayeshtakiwa kosa ana haki ya kusikilizwa, pamoja na mwenzake au mwakilishi wa chama. Na madai yana muda wake: miaka 3, basi.

Kwa hiyo twawaomba mambo matatu. Kwanza, ukiambiwa kwa simu kwamba kazi imekwisha, dai barua siku ile ile. Pili, malalamiko yako yaandike, nakala ubaki nayo. Ukiyatuma, tuma kwa rejista, na risiti uitunze kama kipande chako cha kazi. Tatu, mwambie katibu wa tawi ni sanduku gani unalotumia. Wengi wetu twatumia sanduku la shule au la duka, na barua hulala humo mpaka siku ya kesi imepita. Lipitieni kila wiki.

Na mkifika dirishani, wasalimuni wafanyakazi wa Posta. Ni ndugu zetu, na mabadiliko haya yamegusa chakula chao kabla ya chetu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi nayo ni mali.