Joto la Nyumba Liko Darini

Juni ikishaingia, watu wa Njombe na Makete hawatoki nyumbani bila koti. Kwenye uwanda wa Kitulo, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, kuna asubuhi ambazo sakitu hutanda kwenye majani na kuunguza viazi vilivyochelewa shambani. Njombe mjini, karibu mita 2,000, vijana wa bodaboda hujifunga skafu mpaka puani. Kipupwe hicho hakiondoki mpaka Agosti, na usiku wake ndio mrefu kuliko wote wa mwaka.

Jioni zikishakuwa kali, jiko la mkaa huhamia chumbani. Huwashwa uani, hupepewa mpaka moshi ukate, mkaa ukishaiva na kuwa mwekundu hubebwa ndani. Madirisha hufungwa, tambara likasukumwa chini ya mlango, watu wakalala. Kuna familia ambazo hazikuamka. Vifo vya namna hii vimeripotiwa mara nyingi katika nyanda za juu, Tanzania na Kenya, na karibu kila mara simulizi ni hilohilo: chumba kidogo, jiko, mlango uliofungwa.

Kinachoua ni hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Imani kwamba mkaa usiotoa moshi hauna madhara ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu moshi ukikata, hewa hiyo inaendelea kutoka. Aliye macho ataumwa kichwa, atasikia kizunguzungu na kichefuchefu, pengine atatoka nje akapona. Aliyelala hapati hata hiyo dalili.

Viongozi na madaktari huonya kila mwaka, na wanastahili shukrani. Lakini onyo peke yake halimpi mtu joto. Mama anayeingiza jiko chumbani ana mtoto anayetetemeka, na nyumba yake haishiki joto hata kidogo. Hapo ndipo mjadala ungeanzia.

Aingie mtu usiku wa Julai katika nyumba ya tofali za kuchoma isiyo na dari, kisha atazame juu. Ataona kenchi, papi, halafu bati. Pale ukuta unapoishia, kati ya tofali na bati, mara nyingi pana uwazi wa kupitisha mkono. Joto lote la miili ya watu na la chakula kilichopikwa hupanda, na huko juu hukutana na chuma chembamba kisichofika nusu milimita. Anga likiwa jeupe, bati hupoa kuliko hata hewa iliyolizunguka. Ndiyo maana alfajiri matone hudondoka kitandani wakati nje hakuna mvua: ni pumzi za waliolala, zimepanda zikagusa bati na kugeuka maji.

Nyumba za zamani za Wakinga na Wabena, za udongo mnene na nyasi, zilishika joto kuliko hizi. Hakuna anayetaka kurudi kwenye nyasi zinazovuja na kushika moto. Bati limeleta maji safi na usalama. Tatizo ni kwamba bati lilikuja peke yake, bila kitu cha kulisaidia chini yake.

Kitu hicho ni dari. Wengi hujenga kidogo kidogo, jambo la busara kabisa, ila dari huwekwa mwisho wa orodha, baada ya rangi, vigae vya sebuleni na geti. Kwa nyumba ya Makete mpangilio huo umepinduka. Chumba cha kulala kinahitaji dari kabla ya kigae cha kwanza. Si lazima iwe jipsam. Njombe na Mufindi ni nchi ya mbao, na mabanzi yanayobaki viwandani huuzwa kwa bei ya chini kuliko mbao zenyewe. Fundi makini akiyaranda na kuyapanga vizuri, yanafunga chumba. Mianya ya juu ya ukuta izibwe kwa udongo au saruji, na tundu dogo la hewa libaki kwa ajili ya pumzi na unyevu. Ila chumba kilichozibwa hivi kikiingizwa jiko ni kibaya kuliko kile cha kwanza, kwa hiyo kazi hizi mbili ziende pamoja: dari inapoingia, jiko litoke moja kwa moja.

Jua nalo ni la bure. Katika miezi hii, kwa mtu wa Njombe, jua la mchana huwa upande wa kaskazini. Dirisha kubwa likielekea huko, sakafu na ukuta hupata joto mchana kutwa, kisha pazia zito likishushwa kabla giza halijaingia, sehemu ya joto hilo hubaki ndani. Ramani nyingi zinazotumika huko zimechorwa kwa ajili ya Dar es Salaam, zenye matundu mengi ya kukaribisha upepo. Upepo wa Makete hauhitaji kukaribishwa.

Wapo wanaotaja hita ya umeme. Hita ya wati 2,000 ikiwaka kwa saa 5 kila usiku inakula uniti 10. Kwa mwezi ni uniti 300, na kwa bei ya kawaida ya LUKU hizo ni zaidi ya shilingi 100,000. Aliye nazo awashe. Kwa wengine, ni nafuu kupasha mwili kuliko kupasha chumba: soksi, kofia, blanketi mbili, na chupa ya mpira ya maji moto, iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, chini ya shuka nusu saa kabla ya kulala.

Serikali ingeanza na majengo yake. Bweni la shule katika wilaya za baridi lisipokelewe kutoka kwa mkandarasi likiwa halina dari, na halmashauri zinapopitisha ramani za nyumba ziangalie madirisha yanaelekea wapi na vyumba vya kulala vimefunikwa na nini chini ya bati.